Kabla ya Kiitikio, Uliza Ubeti Unaanzia Wapi

Mwanamume mwenye sauti ya juu haangushwi na noti za juu. Najua wengi watapinga, kwa sababu kila tunapokaa na marafiki kuzungumzia karaoke, swali la kwanza huwa lile lile: kiitikio nitakifikia? Hilo ni swali la mtu mwenye sauti nzito. Sisi tulioimba sauti ya tatu, yaani tenori, tangu siku ya kwanza kwenye kwaya, tuliozoea kupanda, tunashindwa chini. Ubeti wa kwanza ndio unaotumeza. Unapewa maiki, gitaa linaanza polepole, maneno yanatokea kwenye skrini, unafungua kinywa na kinachotoka ni pumzi tupu. Watu wanarudia mazungumzo yao. Kiitikio kinapofika na sauti yako ikapata pa kusimama, meza zote zimeshageukia mpira kwenye televisheni ya upande wa pili.

Kwa hiyo nina kanuni moja, na huwa namweleza kila mwenye sauti kama yangu anayeniuliza aimbe nini: pima sakafu ya wimbo kabla hujatazama dari yake. Dari unayo tayari, umejaliwa. Sakafu ndiyo itakayoamua kama baa nzima itakusikiliza au la.

Hapa Nairobi jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya nyimbo tunazozipenda. Ingia baa yenye karaoke siku ya Alhamisi, iwe Ngong Road, Westlands, Roysambu au kule Rongai, na kabla nyama haijatoka jikoni utakuwa umewasikia Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers. Kantri ni muziki wa nyumbani kwetu. Wazazi walioupokea kupitia redio waliupiga Jumapili mchana, nasi tukaushika bila kufundishwa. Nyimbo zenyewe zina hadithi inayoeleweka, mwendo wa taratibu na maneno yanayosikika, ndiyo maana mtu asiyewahi kushika maiki huanzia huko. Lakini hao wazee watatu ni wanaume wa sauti nene. Don Williams anazungumza zaidi ya kuimba, na anazungumza kwa noti za chini ambako mimi sina sauti kabisa. Kijana mwenye sauti ya juu anachagua wimbo wa Don Williams kwa sababu unaonekana rahisi, na kweli ni rahisi, kwa Don Williams.

Tuseme kidogo kuhusu sauti yenyewe. Sauti ya mwanadamu hutokana na nyuzi mbili kooni zinazotetema hewa inapopita. Zikiwa ndefu na nene hutetema polepole, sauti inakuwa ya chini. Zikiwa fupi au nyembamba hutetema haraka, sauti inapanda. Mvulana anapobalehe koo lake hukua na sauti hushuka kwa takribani oktava nzima, yaani kutoka do moja hadi do ya chini yake. Wengine hushuka sana, wengine kidogo. Tenori kwa kawaida huimba kuanzia C iliyo chini ya C ya katikati ya piano hadi C iliyo juu yake. Ile ya katikati ni mitetemo 261 hivi kwa sekunde, ile ya juu ni 523. Baritoni, ambao ndio wanaume wengi, hushuka noti mbili tatu zaidi na kuishiwa mapema huko juu. Tofauti yenyewe si kubwa ukiipima kwenye piano. Ila nyimbo nyingi za wanaume zimetungwa palepale kwenye tofauti hiyo.

Usijipime kwa sauti unayozungumzia. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 na kuja kuwa mwimbaji wa Queen, ni ushahidi mzuri. Watafiti waliopima mahojiano yake, katika kazi iliyotoka mwaka 2016, walikuta akizungumza kwa wastani wa mitetemo 117 hivi kwa sekunde, kiwango cha baritoni. Jukwaani aliimba kama tenori, tena tenori wa kupasua mawingu. Kinyume chake pia kipo: nawajua wanaume wanaozungumza kwa sauti nyembamba lakini wakiimba hawapandi popote. Kujua sauti yako, lazima uimbe.

Namna yangu ya kupima ni ya watu wa kwaya. Jioni, ukiwa umekaa, imba do ya kawaida isiyokuchosha, kisha shuka ti, la, so, fa, polepole, kwa sauti ile ile bila kusukuma. Utafika mahali noti inageuka kuwa mkwaruzo au hewa. Panda noti mbili kutoka hapo. Hiyo ndiyo sakafu yako ya baa, kwa maana noti inayosikika bafuni haisikiki palipo na chupa, vicheko na spika. Usipime asubuhi: ukiamka sauti huwa nzito, utafikiri umepewa koo jipya. Baada ya hapo sikiliza ubeti wa kwanza wa wimbo unaoutaka, ubeti tu, ukiimba pamoja nao. Noti moja ya chini inayopita haraka haina neno. Unaweza kuisema badala ya kuiimba na hakuna atakayejua. Kinachoua ni wimbo unaokaa huko chini mistari minne, mitano, ukisubiri kiitikio kije kuuokoa.

Walimu wa muziki husisitiza jambo hili na waimbaji wa baa hulipuuza: wimbo haupimwi kwa noti yake ya juu kabisa wala ya chini kabisa, hupimwa kwa mahali unapokaa muda mwingi. Nyimbo mbili zinaweza kuwa na noti ya juu ile ile. Mmoja ukaigusa mara moja kisha ukashuka kupumzika, mwingine ukaishi hapo hapo dakika tatu. Mwenye sauti ya juu hufurahia huu wa pili. Ndiyo maana nyimbo zinazoogopwa na wenzetu mara nyingi ndizo salama kwetu, na zile wanazotupendekezea kwa huruma, eti anza na hii nyepesi, ndizo zinazotuzika.

Sasa, kama wimbo unaupenda na sakafu yake iko chini mno, upandishe. Hapa nawasihi wanaume wenzangu waache aibu. Programu nyingi za ma-DJ na mashine nyingi za karaoke zinaweza kupandisha ufunguo wa wimbo, yaani kuuhamisha wimbo mzima juu, kwa nusu toni moja, mbili, tatu, bila kubadilisha mwendo; nusu toni ni hatua ya kibao kimoja cha piano hadi kibao jirani. Ni kubofya tu. Hata hivyo nimeona watu wazima wakikataa, wakisema huko ni kuimba kwa magongo, kwamba wimbo uimbwe ulivyo au usiimbwe. Wanaosema hivyo hawajui karaoke ilivyozaliwa.

Mjapani Daisuke Inoue, aliyetengeneza mashine ya kwanza ya kukodisha mjini Kobe mwaka 1971, alikuwa mpigaji kinanda wa kulipwa katika vilabu, kazi yake kuwafuata wateja walipokuwa wakiimba. Mteja wake mmoja, mwenye kampuni ndogo, alikuwa akisafiri na alijua ataombwa kuimba huko aendako. Aliona hawezi kuimba na mpigaji mwingine, kwa kuwa Inoue ndiye aliyeijua sauti yake. Inoue hakuweza kusafiri naye, kwa hiyo akamrekodia nyimbo zake kwenye tepu, katika funguo zilizoifaa sauti ya mtu yule. Mteja akarudi na furaha, akaomba tepu nyingine, na Inoue akapata wazo la mashine. Kwa hiyo kabla karaoke haijawa biashara ya dunia nzima, ilikuwa muziki uliokatwa kwa kipimo cha koo la mtu mmoja. Ukimwomba DJ akupandishie ufunguo, unafanya kile kile ambacho karaoke ilianza nacho.

Namna ya kuomba ina adabu yake. Usimwendee DJ wimbo ukiwa umeshaanza. Nenda mapema, wakati unaandikisha jina, mwambie: "Boss, hii nipandishie mbili." Akikuuliza mbili nini, mwambie nusu toni mbili. Ma-DJ wazuri wanaelewa mara moja na hata hufurahi kupata mtu anayejua anachotaka. Kama anacheza moja kwa moja kutoka YouTube na hana namna ya kubadilisha, tafuta mwenyewe kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Chaneli nyingi za karaoke huweka wimbo mmoja katika funguo kadhaa, wa juu na wa chini, wa kike na wa kiume. Hifadhi ule unaokufaa umpe. Nusu toni mbili au tatu kwa kawaida zinatosha kuuinua ubeti wa kantri hadi mahali pa kusikika. Ukifika tano au sita, vyombo vinaanza kulia vibaya, na hapo ni afadhali kuchagua wimbo mwingine.

Kuna dawa nyingine ya ubeti wa chini, na aliyetufundisha ni Jim Reeves mwenyewe. Watu wanafikiri alizaliwa na ile sauti ya kunong'oneza. Mwanzoni alikuwa akiimba kwa nguvu kama waimbaji wengine wa kantri wa Texas. Aliporekodi "Four Walls" mwaka 1957 alishusha sauti akaimba midomo ikikaribia kabisa kugusa maiki, na kuanzia hapo hiyo ikawa sahihi yake. Kilichomsaidia ni tabia ya maiki: maiki nyingi za mkononi, ukizileta karibu sana na kinywa, huongeza besi. Sauti nyembamba inapata mwili. Kwa hiyo ukiwa kwenye ubeti wa chini, leta maiki hadi karibu na mdomo na usipige kelele, iache maiki ifanye kazi. Kiitikio kikija na sauti ikapanda, isogeze mbali, upana wa kiganja au zaidi, kwa sababu sauti ya juu ya mwanamume ikiingia maiki kutoka karibu inachoma masikio na watu watakulaumu wewe. Nawaona wengi wakifanya kinyume: wanaishika mbali kwenye ubeti kwa woga, kisha wanaimeza kwenye kiitikio kwa furaha.

Halafu ziko nyimbo za wanawake, na hizi nazipigia debe bila kuchoka. Mwanamume mwenye sauti ya juu ana hazina ambayo mwenye besi hana: anaweza kuimba wimbo wa mwanamke mwenye sauti nene pale pale ulipo, bila kuugusa. Tracy Chapman aliimba "Fast Car", wa mwaka 1988, kwa sauti nene iliyotulia, hadithi ikisimuliwa mahali ambapo tenori yeyote anakaa vizuri, na Nairobi hakuna baa isiyoujua. Sade naye, mzaliwa wa Ibadan, hapigi kelele wala hapandi ovyo. Sauti yake yote iko katikati yetu. Kwa Toni Braxton kuwa mwangalifu. "Un-Break My Heart" unaanza chini sana kwa mwanamke, utafikiri umekaribishwa, kisha kiitikio kinakwenda mahali ambapo hata sisi tunahitaji kujipanga.

Na Dolly Parton. Wapenzi wa kantri mnaotaka kubaki kwenye kantri, hamieni kwa Dolly. Kuna jambo la kweli kuhusu "Jolene", wimbo wake wa mwaka 1973, ambalo mtu yeyote mwenye santuri na gramafoni anaweza kulihakikisha. Santuri ndogo ile ilikusudiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika. Ukiizungusha mara 33 badala yake, wimbo unapungua kasi na kushuka kwa nusu toni tano na kidogo, na anayesikika si Dolly tena. Ni mwanamume mwenye sauti ya juu, laini, mwenye huzuni nzito. Rekodi hiyo ya polepole ilienea sana mtandaoni, na wengi waliona inagusa moyo kuliko ya kawaida. Mimi niliisikiliza nikasema huyu ni sisi. Mwombe DJ ashushe "Jolene" nusu toni nne, mwendo auache ulivyo, na utapata wimbo wa kantri usio na shimo lolote mwanzoni. Hakuna haja ya kubadilisha maneno ili mpenzi anayetajwa awe mwanamke. Hadithi ni ya mtu anayeogopa kunyang'anywa mpenzi. Wanaume hawaogopi?

Nyimbo za falseto zinahitaji tahadhari tofauti. Watu wakishajua una sauti ya juu watakuitia Bee Gees, watakuitia Michael Jackson, na siku moja mtu atakuitia "Take On Me" ya a-ha. Falseto, ile sauti ya kichwa isiyo na kifua ndani yake, ni chombo kingine. Mwanamume mwenye besi anaweza kuwa na falseto nzuri, na tenori mzuri akawa hana kabisa. Kwa tenori wengi sauti ya kifua huanza kugeuka karibu na E au F iliyo juu ya C ya katikati, na kuvuka hapo bila kupasuka ni kazi ya mazoezi. Usiipange kuifanya mara ya kwanza mbele ya watu. "Take On Me", uliovuma duniani mwaka 1985, unaonyesha vizuri ninachosema. Wote wanazungumzia ile noti ya juu ya mwisho wa kiitikio. Hawasemi kwamba wimbo ule unatambaa oktava mbili na nusu, kwamba kiitikio chenyewe kinaanza kule chini kabisa kabla ya kupanda ngazi kwa ngazi. Nimewasikia tenori wakiifikia ile ya juu safi kabisa, na hakuna aliyesikia walipoanzia.

Westlife, ambao kizazi changu kiliwaimba shuleni mpaka walimu wakachoka, wana mtego wao pia: karibu na mwisho ufunguo unapanda. "My Love", wa mwaka 2000, hufanya hivyo kwenye kiitikio cha mwisho. Kwa baritoni huo ni wakati wa kuzama. Kwetu ni zawadi, ila tu kama hukuwa umeshauomba wimbo upandishwe tangu mwanzo. Ukiupandisha mbili ili ubeti usikike, kumbuka mwishoni utapanda tena. Hesabu zote mbili kabla hujaenda kwa DJ.

Sasa niseme lile linaloniuma. Wapo wanaume Nairobi hawashiki maiki kabisa kwa sababu siku moja walipanda, sauti ikatoka nyembamba, na mtu akapaza sauti kutoka nyuma: imba kama mwanaume. Wakakaa. Wengine wamejifunza kushusha kila wimbo oktava nzima ili waonekane wazito, wakanguruma huko chini hawasikiki. Naona ni hasara kubwa, na naona pia ni kusahau tulikotoka. Muulize mwalimu yeyote wa kwaya mjini hapa anatafuta nini. Soprano anao, alto anao, besi watajitokeza. Tenori huazimwa kutoka parokia jirani Pasaka ikikaribia. Kwenye makundi ya Waadventista yanayoimba bila ala, kijana wa tenori ya kwanza ndiye anayelindwa, ndiye kundi linamsubiri matatu ikimchelewesha. Hakuna anayemwambia aimbe kama mwanaume. Ndiyo sauti ya kiume wanayoihitaji.

Na muziki uliolea mji huu ulijengwa juu ya sauti hizo. Rumba ya Kongo ilipoijaza Nairobi, ilikuja na wanaume wanaopanda. Tabu Ley Rochereau, aliyeimba katika ukumbi wa Olympia mjini Paris mwaka 1970, alikuwa na sauti nyororo ya juu ambayo wanaume wazima waliiga wakiwa wamevaa suti. Papa Wemba alikuwa na sauti ya kupenya, kali, ya juu, na hadi alipofariki mwaka 2016 hakuna aliyeidai iwe nene. Koffi Olomidé yuko upande wa pili na sauti yake ya chini, na wote walipata nafasi. Hapa kwetu Samba Mapangala na Orchestra Virunga waliimba Kiswahili na Kilingala kwa utamu ule ule wa juu. Benga nayo, sikiliza wale wa Shirati Jazz, sauti zimekaa juu pamoja na gitaa. Baba zetu walicheza muziki huu. Sauti ya juu ya mwanamume haikuwahi kuwa jambo la kushangaza mpaka tulipoanza kuchagua nyimbo kutoka kwenye orodha ya mtu mwingine.

Shida ni kwamba karaoke za rumba ni chache. Utapata vyombo vya "Kasongo" wa Super Mazembe, bendi iliyofika Nairobi kutoka Zaire miaka ya 1970, hasa tangu vijana walipoufufua wimbo huo kwenye simu zao mwishoni mwa 2024. Ukiupata, uimbe. Umekaa pazuri, kila mtu ataitikia, na Kilingala kikikushinda baa nzima itakubeba. Kwa mingine itabidi utafute usiku wa bendi hai, ambako unaweza kumnong'oneza mpiga solo ufunguo unaoutaka naye akakupa papo hapo. Kama una bahati ya kupata bendi ya namna hiyo karibu na kwako, nenda huko uache skrini.

Kwenye skrini, kimbilio letu ni Bongo Fleva na wenzao wa hapa. Ali Kiba tangu "Cinderella", wa mwaka 2007, ameimba kwa sauti nyepesi inayoelea, na nyimbo zake nyingi hazina sakafu ya kutisha. Zinaanzia katikati na kubaki hapo zikipambwa. Mapambo ndiyo kazi yenyewe. Zile noti ndogo zinazozunguka mwisho wa mstari usiziige zote, chukua moja kwa kila mstari, iwe safi. Marlaw kwenye "Bembeleza" ni wa juu zaidi na wa taratibu zaidi, na nauona kama wimbo bora kabisa wa kuanzia kwa mwanamume mwenye sauti kama yetu: unajulikana, hauna haraka, na huwezi kuzama. Otile Brown pia yuko upande wetu. Sauti Sol wanahitaji mjadala kidogo, kwa sababu waliimba kwa kupokezana, na sauti zao si moja. Kundi lililoanza kama waimbaji wasiotumia ala, mwaka 2005, liligawana kazi kama kwaya. Kwa hiyo ukichukua wimbo wao peke yako unaimba sauti za watu watatu. "Kuliko Jana", wa mwaka 2015, unaimbika kwa sababu kwaya ndiyo inayobeba uzito, na Nairobi ukiwa na maiki kwenye wimbo ule hukosi kwaya. Mwingine wowote, usikilize mara mbili ujue ni nani anayeanza.

Baa yenyewe ina mengi ya kukuharibia kabla jina lako halijaitwa. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila mhudumu wa baa analijua kwa vitendo: palipo na kelele, mtu hupaza sauti bila kujua. Unakaa meza iliyo karibu na spika, unazungumza na wenzako saa mbili, unafikiri mnaongea kawaida, kumbe mmekuwa mkipiga kelele muda wote. Koo linachoka, na sauti ya juu ndiyo ya kwanza kuondoka, hasa zile noti laini. Mimi hukaa mbali na spika. Nikiwa na wimbo mgumu nazungumza kidogo na kunywa maji ya kawaida, yasiyo baridi, na wenzangu wameshazoea. Pia muulize DJ kama maiki imewekewa trebo nyingi, yaani ule ukali wa juu wa sauti. Mara nyingi huiongeza ili kuwasaidia wenye sauti nene wasikike. Ukija wewe baada yao, punguza. Ni kitufe kimoja.

Nimalizie na nyimbo za wawili, kwa kuwa huko ndiko kanuni ya sakafu inapopata ugumu wake halisi. Katika nyimbo nyingi za mwanamume na mwanamke, mwanamume ndiye anayeanza, na anaanza chini. "Islands in the Stream" ya Kenny Rogers na Dolly Parton, wa mwaka 1983, ambao hapa hauishi hamu, ni hivyo: Kenny yuko peke yake kwanza, chini, na wewe utakuwa pale peke yako kama yeye. Ukiomba upandishwe ili usikike, mwenzako naye amepandishwa, na yeye alikuwa tayari juu. Hakuna ufunguo mmoja utakaowafaa wote wawili, labda mwenzako awe soprano wa nguvu. Kwa hiyo tafuta nyimbo ambazo sehemu ya mwanamume iliandikiwa mtu wa juu tangu mwanzo. Kidum, Mrundi aliyeifanya Nairobi nyumbani kwake, ndiye anayetufaa. "Nitafanya" aliouimba na Lady Jaydee, na "Haturudi Nyuma" na Juliana Kanyomozi, ziliwekwa mahali ambapo sauti ya juu ya mwanamume na sauti iliyoshiba ya mwanamke hukutana bila mmoja kumfuata mwenzake shimoni. Mimi huimba na alto mmoja wa kwaya yetu. Tunaimba mistari ya kwanza pale mezani, yake na yangu, tuone kama wote tunasikika, ndipo tunampelekea DJ jina la wimbo. Akituuliza kama tunataka ufunguo ubadilishwe, tunamwambia auache ulivyo.